UZI: Mtoto ameuza almasi 12 kwa bei ya kuni. Tuongee biashara na ufundi ndani ya Minecraft

Fundi_Katuba (mwenye uzi)

Salamu wakubwa kwa wadogo, wa hapa Lubumbashi na wa kwingine.

Jumamosi mtoto wa yaya yangu (mkubwa wangu wa kuzaliwa) aliingia kwangu na simu mkononi, anacheka peke yake. "Papa mdogo, nimekuwa tajiri." Akanionyesha zumaridi 12. Nikamuuliza kazitoa wapi. Kumbe kamuuzia fundi zana wa kijijini almasi 12, kila almasi kwa zumaridi moja, mpaka fundi mwenyewe akashiba akafunga. Mtoto anaona kijani kinang'aa, anajua ni pesa. Mimi nilitafuta kiti nikakaa.

Kwa wasioujua mchezo: Minecraft ni dunia ya matofali iliyotengenezwa Sweden. Toleo kamili lilitoka mwaka 2011, na tangu 2014 iko mikononi mwa Microsoft. Hakuna anayekutuma. Unakata mti, unachimba, unajenga, giza likiingia unajifungia usiliwe na mazombi. Ndani yake kuna vijiji, na wanakijiji wananunua na kuuza kwa zumaridi. Habari ya biashara ilibadilishwa sana mwaka 2019, kwa hiyo kama ulifundishwa kabla ya hapo, mengi uliyofundishwa yamekufa.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza simu. Nimechoka kueleza jambo hili hili kwa kila mtoto anayeleta simu yenye kioo kilichopasuka na swali la Minecraft juu yake. Basi naliandika mara moja. Nacheza Java, lile toleo la kompyuta, kwenye laptopu. Wa simu mtakuta namba mbili tatu ziko tofauti, akili ni ile ile.

Tafuta kipimo kwanza. Changu ni gogo. Gogo moja ukiliweka kwenye meza ya ufundi linatoa mbao 4. Mbao 2 zinatoa vijiti 4. Kwa hiyo gogo moja ni vijiti 8. Mtengeneza mishale, yule mwenye kofia ya unyoya, ananunua vijiti 32 kwa zumaridi 1. Yaani magogo 4, zumaridi 1.

Sasa rudi kwa mtoto. Almasi 12 ni zumaridi 12, ni magogo 48. Magogo 48 unayakata kabla bukari (ugali) haijaiva. Almasi zake alizitafuta juma zima chini ya ardhi, lava ilimla mara mbili, na mara moja alilia kweli, mama yake akadhani kaumwa jino.

Ndiyo maana nasema: usiulize kitu kinauzwa zumaridi ngapi. Uliza kinauzwa magogo mangapi, halafu ukumbuke ulikipataje.

---

kadogo_kamalondo

Papa mudogo umenisema mbele ya batu yote!!

Mi niliuzisha juu niliona zumaridi iko ya kijani sawa jiwe la malakiti, nikajua ndiyo franka ya kule. Na ule fundi ndiye aliomba almasi mwenyewe. Kama mutu anaomba si ni bei nzuri?

---

Fundi_Katuba

Kadogo, sikukutaja jina, wewe ndiye umejitokeza.

Mtu akiomba kitu, hiyo ni habari ya tamaa yake. Bei ni habari nyingine. Pita soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, saa kumi na mbili jioni, utaombwa hata viatu ulivyovaa.

---

Kambisti_wa_Barabarani

Mimi mchezo sichezi, naangalia wanangu wakicheza, ila swali hili ni la kazi yangu. Nabadilisha pesa, nakaa na mafungu ya franka juu ya meza ndogo.

Fundi, kwako wewe zumaridi ni pesa? Pesa ni kitu ambacho kila mtu anakipokea na kila mtu anakitoa. Je, mwenye mishale akikupa zumaridi, mkulima anaipokea?

---

Fundi_Katuba

Anaipokea, mkubwa. Wote wanaipokea. Na tofauti na wewe, hawaikatai ikiwa imechanika kidogo pembeni 😂

Ila umegusa penyewe. Kila mwanakijiji ana vitu vyake anavyonunua na vyake anavyouza, na hakuna anayenunua kile anachouza kwa bei ile ile. Nikupe mfano wa mkulima. Ananunua ngano 20 kwa zumaridi 1. Anauza mikate 6 kwa zumaridi 1. Mkate mmoja wewe mwenyewe unautengeneza kwa ngano 3. Mikate 6 ni ngano 18. Ukimpa ngano 20 ukarudi na mikate 6, ngano 2 zimebaki kwake, na wewe umetembea bure.

---

Kambisti_wa_Barabarani

Ah! Hiyo ni bei ya kununua na bei ya kuuza. Huyo mkulima ni ndugu yangu kabisa. Endelea, nimekaa.

---

Dada_Ruashi

Fundi, habari ya ngano ni rahisi. Zungumza vitu vya kuunda, ndipo watu wanapotea. Mimi nilikuwa nanunua rafu za vitabu kwa mkutubi kwa miezi. Zumaridi 9 rafu moja. Nilihitaji 15 kuzunguka meza ya uchawi, ile ya kuongezea vyombo nguvu. Fanya hesabu uone nilivyoibiwa.

---

Fundi_Katuba

Zumaridi 135, dada. Magogo 540 kwa kipimo changu. Pole.

Tuifungue hiyo rafu tuone ndani kuna nini, maana hapa ndipo ufundi na biashara vinapokutana. Rafu moja ni mbao 6 na vitabu 3. Kitabu kimoja ni karatasi 3 na ngozi 1. Karatasi 3 zinatoka kwenye miwa 3. Kwa hiyo rafu nzima ni mbao 6, karatasi 9, ngozi 3.

Sasa kila kipande kiulize: ningekuuza wewe, ungeniletea nini?

Mbao 6 ni gogo moja na nusu. Kwa mwenye mishale hiyo haifiki nusu ya zumaridi, ni kama 0.375.
Karatasi: mkutubi mwenyewe ananunua 24 kwa zumaridi 1, kwa hiyo 9 ni 0.375 tena.
Ngozi: fundi ngozi ananunua 6 kwa zumaridi 1, kwa hiyo 3 ni nusu.

Jumla zumaridi 1 na robo. Mkutubi anakuuzia kwa 9. Anakutoza mara saba na zaidi kwa kazi ya kupanga vitu kwenye meza yenye visanduku tisa, kazi ambayo mtoto wa darasa la pili anaifanya kwa kidole kimoja.

Lakini msikimbilie kusema "basi kila kitu unde mwenyewe uuze." Angalia hii. Huyo huyo mkutubi akishapanda daraja kidogo ananunua vitabu 4 kwa zumaridi 1. Vitabu 4 vinakula karatasi 12, ambayo ni nusu zumaridi, na ngozi 4, ambayo ni theluthi mbili za zumaridi. Vipande vyenyewe vina thamani ya zumaridi 1 na ushee, umeviunganisha, umetoa jasho, ukauza kwa 1. Umeunda hasara. Ungemuuzia karatasi kama karatasi na fundi ngozi ngozi yake ungerudi na zaidi.

Hilo ndilo lililonichukua muda kulielewa. Nilidhani kila nikiunda naongeza thamani. Kuna mapishi yanaongeza na kuna mapishi yanakula, na mchezo haukuambii lipi ni lipi. Penye kuongeza, mfano ninaoupenda ni kioo. Mchanga 6 kwenye tanuru ni vioo 6, na vioo 6 vinatoa vioo vyembamba 16. Mchora ramani akipanda daraja ananunua 11 kwa zumaridi 1. Kwa hiyo mchanga 6 unakaribia zumaridi moja na nusu. Mchanga huo ungebaki mchanga, mwanakijiji gani angeununua? Hakuna.

---

Mtu_wa_Mwanza

Habari za huko jirani. Nasoma uzi huu tangu asubuhi ofisini badala ya kazi. Swali: kuyeyusha mchanga kunahitaji moto. Kuni za tanuru umezihesabu?

---

Fundi_Katuba

Karibu sana ndugu wa Mwanza. Umenikamata, sikuzihesabu.

Kipande 1 cha makala kinayeyusha vitu 8. Mbao moja inayeyusha kimoja na nusu, kijiti nusu ya kimoja. Kwa hiyo mchanga 6 haufiki hata makala 1, na makala unaipata kwa kuchoma gogo 1 ndani ya tanuru. Bei ya kioo haiharibiki.

Ila usichome mbao. Gogo 1 likipasuliwa kuwa mbao 4 linayeyusha vitu 6. Likichomwa kuwa makala, vitu 8. Bibi zetu walilijua hilo bila laptopu.

---

Mtu_wa_Mwanza

Subiri kwanza. Unachoma makala? Huku kwetu makala ni habari ndefu ya gazetini 😅

---

Mama_Makala

Ndugu wa Mwanza, hapa makala ni makala, ile nyeusi, ya kupikia bukari. Hiyo yenu ya magazeti mtaichoma wenyewe.

Mimi nauza makala. Gunia nikilileta mjini wakati wa mvua bei iko nguvu, juu njia ni tope na tanuru za porini hazikauki. Wakati wa jua inashuka. Wanangu wawili wanacheza hii kitu kutwa. Naomba kujua: kule ndani naweza kuuza makala? Nani ananunua?

---

Fundi_Katuba

Mama, shikamoo. Jibu litakuudhi.

Kule kuna makala za aina mbili. Kuna ya kuchoma magogo, yako wewe. Kuna ya mawe, inayochimbwa. Kwenye tanuru zote mbili ni sawa kabisa, vitu 8 kila moja. Lakini mafundi wa chuma, wa silaha, wa mavazi ya vita na wa zana, wananunua 15 kwa zumaridi 1, na wanachukua ile ya mawe tu. Ya magogo hawaitazami hata kidogo.

Tena ya mawe ukiziunganisha 9 zinakuwa bonge moja, na bonge linayeyusha vitu 80 badala ya 72. Faida ya 8 kwa kuunganisha tu. Ya magogo haiunganiki.

---

Mama_Makala

Basi walioutengeneza mchezo huo hawajawahi kupika.

Nimewaambia watoto. Wamesema wamenielewa, hawajainua macho.

---

kadogo_kamalondo

Papa mudogo, nimefanya vile ulisema. Nimekata miti, nimepeleka vijiti. Mara ya kwanza vizuri, zumaridi 16, kisha akafunga. Nikangoja afungue. Alipofungua anataka vijiti MINGI kuliko mbele! Juu ya nini? Sikumufanyia kitu mubaya.

---

Fundi_Katuba

Hapo umefika kwenye uti wa mgongo wa uzi huu. Kaa chini.

Kila biashara ya mwanakijiji ina idadi. Ya vijiti ni mara 16. Mara 16 za vijiti 32 ni vijiti 512, ni mbao 256, ni magogo 64. Fungu zima la magogo kwenye mfuko wako, zumaridi 16 kamili, halafu anafunga. Mpaka hapo ulikwenda sawa.

Kisha anarudi kwenye kibanda chake cha kazi, anajaza upya. Anaweza kujaza mara mbili kwa siku moja ya mchezo, na siku ya mchezo ni dakika 20. Wakati wa kujaza ndipo anapofanya hesabu: je, biashara hii iligombaniwa? Kwenye Java hesabu yake iko hivi: ukitumia zaidi ya nusu ya nafasi zake, bei inapanda. Ukibaki ndani ya nusu, haipandi, na kama ilikuwa imepanda inaanza kushuka. Ukizimaliza zote 16 kwa pupa, inapanda kwa nguvu: mara ya pili atakuomba zaidi ya vijiti 50 kwa zumaridi ile ile.

Angalieni jambo la ajabu hapo. Wewe ndiye unayemuuzia. Sokoni mwuza nyanya akiletewa nyanya nyingi ananunua kwa bei ya chini, ndiyo hiyo. Umemjaza vijiti mpaka vimemtoka puani.

Dawa yake ni kuwa na wenye mishale wengi. Mimi ninao wanne. Namuuzia kila mmoja mara 8, nakwenda kwa mwingine. Zumaridi 32 kwa mzunguko mmoja na bei hazijasogea.

---

Kambisti_wa_Barabarani

Mwenye dola nyingi hazibadilishi zote kwangu. Anabadilisha kidogo hapa, kidogo kona ya pili, kidogo kwa yule wa karibu na kituo cha basi. Akizileta zote kwangu asubuhi moja, nitamshushia na atanilaumu mimi. Watoto wangu wameelewa hapo hapo, nimewaonyesha post hii.

---

kadogo_kamalondo

Na kama yangu iko moya tu? Kijiji kyangu kiko na mwenye mishale moya.

---

Dada_Ruashi

Mtengenezee wenzake, kadogo. Mwanakijiji asiye na kazi anachukua kazi ya kibanda utakachomwekea. Meza ya mishale ni mbao 4 na mawe ya gumegume 2. Ukiiweka karibu na mtu asiye na kazi, anavaa kofia ya unyoya mbele ya macho yako. Mkulima ni sanduku la mboji, mkutubi ni kinara cha kusomea, mvuvi ni pipa, fundi mawe ni msumeno wake.

Yule wa kanzu ya kijani kibichi usihangaike naye. Hafanyi kazi mpaka mwisho wa dunia. Kila familia inaye.

Na watu wakiwa wachache, waongezee vitanda na chakula. Mikate 3 kila mmoja, au karoti 12, na kitanda cha ziada, utaona mioyo ikiruka na mtoto anatokea.

---

Fundi_Katuba

Ahsante dada. Niongeze jambo moja ambalo limewafanya watu wauze simu: mwanakijiji ukishafanya naye biashara hata MARA MOJA, kazi yake na orodha yake ya bidhaa vinafungwa. Kabla ya hapo, ukivunja kibanda chake anaacha kazi, ukikirudisha anaanza upya na orodha mpya. Hapo ndipo watu wanapotafuta kitabu cha Mending kwa mkutubi, wanaocheza kwa Kifaransa mnaiona kama Raccommodage, ule uchawi unaofanya sururu yako ijitengeneze kila unapookota uzoefu, yaani pointi za mchezo. Kila nukta ya uzoefu inarudisha nukta 2 za uhai wa chombo.

Unaweka kinara, unaangalia kitabu anachouza. Sicho? Unavunja, unaweka. Sicho? Unavunja, unaweka. Mimi yangu ilikuja usiku saa saba, umeme uliporudi, baada ya kuvunja mara ambazo sitazisema kwa sababu mke wangu anasoma hapa.

Bei ya Mending inaanzia zumaridi 10 mpaka 38, pamoja na kitabu kitupu. Usikurupuke kwa yule wa 38. Lakini pia usiwe mjinga kama mimi, niliyemwacha wa 19 nikitafuta wa 10, na sikumwona tena.

---

Mwalimu_Kampemba

Nimesoma yote. Naomba nipinge.

Fundi, mchezo huu ni mzuri kwa sababu mtoto anachimba, anashangaa, anajenga nyumba mbaya, anafurahi. Ninyi mmeugeuza daftari la duka. Mtoto aliuza almasi 12 akafurahi. Sasa hana furaha, ana hesabu. Na hao wanakijiji mnawafungia kwenye vishimo wakae mbele ya vibanda vyao maisha yote. Mnayaona hayo?

---

Fundi_Katuba

Mwalimu, ya vishimo sina utetezi. Wangu niliwajengea nyumba zenye madirisha, ila mlango hauna, na tusidanganyane kuwa ni jambo lile lile.

La furaha nakataa. Mtoto alipoona magogo 48 alipiga yowe, halafu akacheka, halafu akaniuliza "na chuma je? na boga je?" Tangu hapo amehesabu kila kitu cha kijiji. Jana ameniambia maboga 6 ni zumaridi 1, matikiti 4 ni zumaridi 1, na vyote viwili ukipanda mara moja vinazaa tena bila kupandwa upya. Hilo sikumfundisha mimi. Wewe mwalimu wa hesabu, darasani ungelipata kwa kiboko.

---

Mwalimu_Kampemba

Nafundisha historia.

Na kwa sababu mmenitaja: watu wa hapa walikuwa na pesa ya kuyeyusha kabla ya franka yoyote. Misalaba ya shaba. Makaburi ya Sanga kule Upemba yametoa misalaba hiyo, mikubwa na midogo, ndogo ndiyo iliyohesabiwa kama pesa. Hata bendera ya Katanga ya mwaka 1960 iliichora mitatu. Aliyeyeyusha ndiye aliyetengeneza pesa. Sasa niambie, kwenye mchezo wenu shaba ipo?

---

Fundi_Katuba

Samahani mwalimu, na ahsante kwa la misalaba.

Shaba ipo. Iliingia mwaka 2021, na mwaka 2025 wakaongeza zana za shaba na masanduku ya shaba. Inachimbwa kwa wingi, ukiijengea nje inageuka kijani polepole kama mabati ya zamani.

Na hakuna mwanakijiji hata mmoja anayeinunua.

---

Mwalimu_Kampemba

Lubumbashi, mji wa shaba. Hakuna anayenunua shaba. Haya.

---

Dada_Ruashi

😂😂 Mwalimu ametoka.

Mimi nina kisa. Mkutubi wangu wa Mending, kabla hata sijanunua, zombi aliingia ndani. Nikachomoa upanga, nikapiga, zombi akaruka, upanga ukamfika mkutubi. Hakufa. Lakini bei zote zikapanda. Na jirani zake nao wakapandisha! Kitabu kilikuwa 24, kikafika juu sana. Nilikuwa nimewaokoa mimi.

---

Fundi_Katuba

Wanasemana, dada. Ukimpiga mmoja anawaambia wengine, na kila anayesikia anakuongezea bei. Ukimuua ndiyo mbaya kabisa. Mambo yanapoa kwa muda, wewe endelea tu kufanya biashara nao taratibu.

Kuna na upande wa pili wa hiyo. Mwanakijiji akiuawa na zombi anaweza kugeuka zombi mwenyewe. Ukicheza kwenye ugumu wa juu anageuka kila mara, ugumu wa kati ni nusu kwa nusu, ugumu wa chini anakufa tu. Akishageuka, mrushie dawa ya udhaifu, ile ya chupa inayopasuka, kisha mlishe tofaa la dhahabu. Tofaa hilo ni tofaa la kawaida limezungukwa na vipande 8 vya dhahabu. Anatetemeka dakika chache, anarudi mtu, na anakukumbuka: bei zake zinashuka sana. Zamani watu walikuwa wanamuumisha na kumponya, wanamuumisha na kumponya, mpaka kila kitu kinakuwa zumaridi 1. Kwenye matoleo mapya wameziba, shukrani anatoa mara moja tu.

---

Mtu_wa_Mwanza

Kwa hiyo kwa mtu anayeanza leo, na hana kitu, njia ni ipi? Kuni tu?

---

Fundi_Katuba

Kuni siku ya kwanza, kwa sababu shoka unalo. Ukiona mto, chimba udongo wa mfinyanzi: bonge moja linatoa vipande 4, na fundi mawe anachukua 10 kwa zumaridi 1, yaani mabonge mawili na nusu. Hiyo ni nafuu kuliko magogo 4. Huku unapanda miwa, maboga, karoti. Nyama iliyooza ya mazombi usiitupe, mganga wa kanzu ya zambarau ananunua 32 kwa zumaridi 1. Usiku unalipwa kwa kupigana.

Kila biashara inampandisha mwanakijiji daraja. Yako matano, utaona kifungo chake kikibadilika: jiwe, chuma, dhahabu, zumaridi, almasi. Fundi zana wa daraja la mwisho anauza sururu ya almasi ikiwa na uchawi tayari.

Sikia hilo, kadogo. Fundi yule yule. Angekuuzia sururu ya almasi kwa magogo.

---

kadogo_kamalondo

Papa mudogo 😭 na almasi zangu naweza kuzinunua tena kwake?

---

Fundi_Katuba

Hapana. Anauza vyombo vya almasi, almasi yenyewe tupu hakuna anayeuza kijijini. Hizo zimekwenda.

---

kadogo_kamalondo

NIMERUDI. Siku tatu.

Niko na wenye mishale batatu sasa. Nauzisha 8, 8, 8. Mkutubi nilimubadilisha mpaka mukono uliuma, Mending ikakuja kwa 27. Sikumugusa na upanga! Kitabu kitupu nilikiunda mwenyewe, karatasi 3 na ngozi 1, sikununua. Nimelipa. Kitabu kiko mu mfuko.

Sasa nakiweka namna gani kwenye sururu? Nakishika, naipiga nayo, hakiingii.

---

Dada_Ruashi

Kwenye fuawe, kadogo. Kile chuma kikubwa cha mhunzi.

---

Fundi_Katuba

Hongera mwanangu, 27 ni bei nzuri. Fuawe ni mabonge 3 ya chuma na vipande 4. Bonge moja ni vipande 9. Jumla?

---

kadogo_kamalondo

31.

Niko na 22.

---

Fundi_Katuba

Weka simu ichaji kabla umeme haujakatika, halafu ukachimbe 9. Na mtu akikuomba hicho kitabu, njoo unipigie kwanza.